Niliyojifunza kwenye kuta za Mbweni

Mimi ni mwashi. Nimezaliwa upande wa Masasi, katika kijiji ambacho kanisa lake ni la mawe, dogo, na lenye umri mkubwa kuliko mtu yeyote aliye hai pale. Kujenga kwa saruji nilijifunza nyumbani kama vijana wengi wa rika langu. Kujenga kwa chokaa nilikufuata Unguja, na huko ndiko nilikopata macho ya kulitazama kanisa la kwetu. Wazee wa makanisa hunipigia simu kuniuliza wafanyeje na majengo yao ya zamani, nami nimeona heri niandike, kwa sababu makanisa haya yanaharibika mbele ya macho yetu, na wengi wanaoyaharibu ni watu wanaoyapenda, wanaochanga fedha zao na kununua mifuko ya saruji kwa nia safi kabisa.

Nianze na chokaa, maana asiyeielewa chokaa mengine yote yatampita.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na nyumba zake nyingi ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Nilipofika kutafuta kazi nilimkuta fundi mmoja mtu mzima, Mwislamu mcha Mungu, akikarabati nyumba ya ghorofa. Nilikuwa na mwiko wangu na pimamaji mpya. Aliitikia shikamoo yangu, akanitazama, akasema, "Mwiko weka chini, mwanangu. Nenda shimoni."

Shimoni ndimo chokaa ilimokuwa imelazwa, imefunikwa na maji. Ukiichota kwa mkono haina hata punje moja. Inateleza, inanata kwenye vidole, na ukishinda nayo kutwa bila kujipaka mafuta ngozi inakauka na kuchanika pembeni mwa kucha. Fundi alinieleza ilikotoka. Matumbawe hupangwa juu ya magogo ya mnazi na kuni nyingine, tanuu linawashwa, na joto likifika kama nyuzi 900 hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe hutoka. Kinachobaki kikimwagiwa maji kinachemka chenyewe bila moto, kinatoa mvuke, kinafumuka, kisha kinatulia na kuwa uji mzito. Uji huo unaachwa shimoni wiki kwa wiki. Ukija kuupaka ukutani unaanza kurudi ulikotoka: unaivuta ile hewa ya ukaa kutoka angani, polepole, mpaka unakuwa jiwe tena. Ukuta wa chokaa huendelea kukomaa miaka mingi baada ya fundi wake kushuka kwenye jukwaa na kwenda zake.

Kwa mtu aliyezoea saruji, hiyo ni kazi ya kujifunza subira upya. Lipu ya chokaa hupigwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lisubiriwe. Jua likiwa kali unatundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta ili lipu isikauke kwa haraka, kwa sababu ikikauka kabla haijashika inabaki unga. Nilikuwa nikilowesha magunia asubuhi, mchana na jioni, na fundi alikuwa akipita, anabonyeza kwa kidole gumba, anatikisa kichwa, anaondoka. Siku aliyobonyeza akasema "haya", nilifurahi kuliko siku ya kupokea ujira.

Jambo kubwa alilonifundisha ni hili: ukuta wa mawe na chokaa haujengwi ili maji yasiingie kabisa. Unyevu utaingia, kutoka ardhini na kutoka mvua. Ukuta huo umejengwa ili unyevu upate njia ya kutoka. Chokaa ni laini kuliko jiwe, inapitisha unyevu, na jengo likitikisika kidogo inapasuka nyufa ndogo ambazo yenyewe huweza kuziziba kadiri miaka inavyokwenda. Saruji haina tabia hizo. Ni ngumu, inaziba. Kuipiga juu ya ukuta wa namna ile ni kumvalisha mtu koti la mpira juani: jasho linabaki ndani.

Jumapili nilikuwa nasali Mkunazini, katika kanisa kuu la Kianglikana ambalo kila mgeni anayekwenda Zanzibar hupelekwa kuliona. Jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, miezi michache tu baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na limesimama palepale soko lilipokuwa. Askofu Edward Steere ndiye aliyelisimamia, na mimi kama mwashi namheshimu kwa paa lile: kuba refu lililomiminwa kwa matumbawe na saruji, linavuka upana wote wa kanisa bila boriti hata moja. Nalitaja makusudi. Saruji ilikuwepo zamani zile, na aliyeijua aliitumia mahali pake, juu kwenye paa lililohitaji kushikana liwe kitu kimoja.

Lakini kanisa lililonifundisha ni dogo, lile la Mtakatifu Yohana lililoko Mbweni.

Mbweni iko kusini mwa mji, njia ya uwanja wa ndege. Siku hizi mji umeifikia, ila wakati misheni ya UMCA ilipolinunua shamba lile mwaka 1871, hapo palikuwa mashambani. UMCA, yaani Universities' Mission to Central Africa, ni misheni ya Kianglikana iliyozaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857. Ilijaribu kwanza bara, ikashindwa, ndipo Askofu Tozer akaihamishia Zanzibar mwaka 1864. Kuanzia mwaka 1874 manowari ya Kiingereza iitwayo London ilitia nanga bandarini Zanzibar, na mashua zake zilikuwa zikiwinda majahazi yaliyobeba watumwa kwa magendo. Waliookolewa baharini wengi walikuwa watu wa bara, Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, na kurudi kwao hakukuwezekana kwa urahisi kwa sababu njia za kurudia ndizo njia walizouziwa. Baadhi yao walikabidhiwa misheni. Watu wazima walipelekwa Mbweni, wakapewa viwanja vya kujenga na kulima, wakafanya kazi kwa ujira. Wasichana walikuwa na skuli yao hapohapo, iliyoongozwa kwa robo karne, kuanzia 1877 hadi 1902, na Bi Caroline Thackeray, ambaye alifariki mwaka 1926 na kuzikwa kwenye makaburi ya kanisa.

Kanisa lenyewe ni la mwaka 1882. Mtu akisikia tarehe hiyo na neno "watumwa waliokombolewa" anadhani utumwa ulikuwa umekwisha. Haukuwa umekwisha. Kilichopigwa marufuku mwaka 1873 kilikuwa biashara ya baharini na masoko. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Kwa hiyo mwaka 1882, mtu aliyebeba jiwe Mbweni kwa ujira alipakana na mashamba ya karafuu na minazi ambako mwenzake, pengine wa kabila lake, pengine aliyefungwa naye kamba moja njiani, alikuwa akibeba bila ujira. Nikisimama mbele ya kanisa lile, jambo hilo ndilo hunijia kwanza. Mnara wake si mrefu. Haukuhitaji kuwa mrefu ili usikike na mtu aliyekuwa upande wa pili wa ua.

Karibu na kanisa yapo magofu ya ile skuli. Paa limekwenda, kuta zimebaki wazi, na kwa fundi gofu ni zuri kuliko jengo zima kwa sababu unaona ndani ya ukuta. Alasiri moja fundi wangu alikuja nami Mbweni. Tulikwenda mguu kwa mguu kwenye ukuta mmoja mrefu, yeye mbele, akigusa mawe kwa kifundo cha kidole.

"Tazama hapa," aliniambia. "Waliojenga ni wawili. Huyu wa kushoto anajua jiwe."

Nilitazama nikaona. Upande wa kushoto kila jiwe limelazwa kwa tumbo lake, penye uwazi pamejazwa vijiwe vidogo vilivyochaguliwa, na chokaa ni kidogo. Upande wa kulia mawe yamekaa kimshazari na chokaa imemwagwa kwa wingi kuficha mianya. Ndani ya chokaa kulikuwa na vipande vyeusi vya mkaa, vidogo kama punje za mtama, mabaki ya kuni za tanuu. Fundi alinionyesha kwamba mkaa upo pande zote mbili kwa kadiri ileile. Chokaa ilitoka tanuu moja, mikono ndiyo iliyotofautiana.

Tukaendelea. Kadiri tulivyoikaribia kona, mawe ya kulia yalianza kukaa. Kwanza jiwe moja moja, halafu mstari mzima. Karibu na kona sikuweza tena kutofautisha mkono wa kulia na wa kushoto.

"Amejifunza," fundi alisema, na akacheka kwa furaha, kana kwamba mwanafunzi yule alikuwa wake.

Mtu wa kando ya Ziwa Nyasa hajawahi kuona tumbawe. Kwao nyumba ni ya miti na udongo na nyasi. Huyu amekamatwa, ametembezwa mpaka pwani, ametiwa jahazini, amepakuliwa, na sasa anafundishwa na mwashi wa pwani kulaza jiwe la bahari. Katika urefu wa ukuta mmoja akawa fundi. Vitabu nilivyosoma kuhusu misheni ile vimejaa maaskofu, Tozer na Steere na Smythies, na wanastahili. Vinamtaja pia John Swedi, mmoja wa wavulana ambao Sultani Majid alimpa Askofu Tozer mwaka 1864, akawa shemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa, aliyepewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo kufikia daraja hilo. Waashi sikuwakuta vitabuni. Niliwakuta ukutani, na tangu hapo nikiingia kanisa lolote la zamani naangalia kwanza mawe yalivyolazwa, kisha ndipo nasoma vibao vya majina.

Kitu kingine nilichojifunza Unguja ni upana. Nyumba ya mawe ya pwani hufunikwa kwa boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na boriti nzuri haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kulegea. Ndiyo maana vyumba vya zamani vya Waswahili ni virefu na vyembamba: mti umeamua umbo la chumba. Sasa kanisa linataka watu wakae pamoja, waone altare moja, wasikie sauti moja. Boriti hazitoshi. Mkunazini Steere alimaliza shida hiyo kwa kuba la kumimina. Makanisa madogo yalitumia kenchi za mbao, zile fremu za pembetatu zinazobeba paa, na kenchi ina tabia yake: mguu wake husukuma ukuta kwenda nje. Mbao ya chini inayofunga miguu miwili ikiliwa na mchwa, au ikikatwa na mtu anayetaka kutundika feni, msukumo wote unahamia ukutani. Ukiona kanisa la zamani kuta zake zimefungua kifua kwa juu, usilaumu msingi kabla hujapanda kuangalia kenchi.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na macho mengine.

Kwetu na Mbweni ni ndugu wa karibu kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa, wengi wao wakazi wa Mbweni, akitaka kuwarudisha bara. Walishuka Lindi, wakatembea kwa miguu, na walipofika Masasi wakaona pale pana maji na ardhi nzuri, wakakaa. Hao walitangulia kanisa la Mtakatifu Yohana, maana lilijengwa miaka sita baadaye, ila walikuwa wametoka kwenye kijiji kilekile, wakiwa wameshaona namna mpya ya kujenga. Mwaka 1882 ulikuwa mzito kwa pande zote mbili. Mbweni ilipata kanisa, Steere akafariki mwezi wa Agosti, na Septemba Wangoni, ambao kwetu wazee waliwaita Magwangwara, wakaivamia Masasi, wakaua na kuteka. Watu waliokuwa wameokolewa utumwani mara moja wakachukuliwa tena. Waliobaki wakajenga upya. Mwaka 1905 Vita vya Majimaji vikafika, majengo ya misheni yakachomwa moto, na wakajenga upya tena. Ukisikia wazee wa Masasi wakisema kanisa ni la mawe, neno "mawe" wanalitamka kwa uzito, na sababu ni hizo.

Kanisa la kijiji chetu ni la baadaye kidogo. Marehemu babu alibeba mawe yake akiwa mtoto. Hatuna matumbawe, mawe yetu ni yaleyale ya ile milima mikubwa ya mwamba inayouzunguka mji wa Masasi. Yameungwa kwa udongo, na juu yake ilipigwa lipu ya chokaa ndani na nje. Umbo lake ni rahisi: chumba kirefu cha waumini, kisha tao, kisha sehemu nyembamba ya altare upande wa mashariki, ili misa ya alfajiri jua liingie kwa mbele. Birika la ubatizo liko karibu na mlango wa magharibi, kwa maana mtu huingia kanisani kwa kubatizwa. Madirisha ni madogo na yamewekwa juu. Vijana wengi hudhani ni uchoyo wa mwanga. Ukikaa mle mchana wa Oktoba, joto la nje likiwa linachoma, utaelewa: kuta nene na madirisha madogo ya juu vinatunza ubaridi wa usiku, na hewa ya moto inapanda na kutoka.

Paa la kwanza lilikuwa nyasi. Baadaye likawekwa bati, na mabati ndiyo yaliyoanzisha matatizo ambayo watu waliyadhania ni ya uzee. Paa la nyasi hutokeza mbali nje ya ukuta na maji yake hudondoka taratibu. Bati lilikatwa fupi, bila gata, na mvua za kwetu, ambazo huja kwa msimu mmoja kati ya Desemba na Aprili, zilianza kumwagika kwa nguvu kwenye kitako cha ukuta. Matone yakarusha tope ukutani. Ukuta ukachafuka kwa chini, lipu ya chokaa ikaanza kumong'onyoka.

Kilichofuata kinafahamika kila mahali. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kuzalisha saruji mwaka 1966, na kadiri miaka ilivyokwenda mfuko wa saruji ukafika hata vijijini. Waumini walichanga, lipu ya chokaa ikabanduliwa, saruji ikapigwa kuanzia chini hadi usawa wa madirisha. Kuzunguka kanisa pakamiminwa sakafu ya saruji ili pawe pasafi. Kwa miaka michache likapendeza kweli. Kisha unyevu, uliozoea kutokea pale chini, ukakuta mlango umefungwa pande zote, ukapanda. Ulipita juu ya saruji, ukafika kwenye vizingiti vya madirisha. Ndani ukuta ukaota chumvi nyeupe. Rangi ikafura malengelenge. Na udongo uliounga mawe, ambao ukiwa mkavu unashika vizuri sana, ulipolowa ukarudi kuwa tope.

Nilipogonga ukuta wa kusini kwa mpini wa nyundo ulilia kwa uwazi, kama debe tupu. Nilitia tindo pembeni, nikainua kidogo, na bamba zima la saruji likaanguka likiwa na sura ya mawe iliyopigwa chapa nyuma yake. Nyuma yake kulikuwa na majimaji.

Halmashauri ya kanisa ilikuwa imeshakubaliana kubomoa. Walikuwa na hoja, na sitaki kuwadharau. Waumini wameongezeka, sikukuu watu wanasimama nje, vijana wanataka mahali pa kuweka vyombo vya kwaya. Katika kikao mzee mmoja aliniuliza, "Mwanetu, wewe ndiye fundi. Jengo hili limechoka au halijachoka?"

"Halijachoka, Mzee," nilimjibu. "Limezibwa."

Niliomba tuanze na maji kabla ya kitu kingine chochote. Hiyo ndiyo nasaha ninayoirudia kwa kila anayenipigia simu: kabla hujanunua mfuko wa kitu chochote, nenda kanisani mvua ikinyesha, simama nje, ufuate maji kwa macho. Yanatoka wapi, yanaanguka wapi, yanakwenda wapi. Kwetu tulivunja ile sakafu ya saruji iliyobana kitako cha ukuta. Tukagundua ardhi ya nje ilikuwa imepanda juu ya sakafu ya ndani, kwa miaka ya kufagia na kurundika. Tukaichimba ikashuka, tukachimba mfereji wa kupeleka maji bondeni, tukajaza kokoto. Tukarefusha bati. Kazi hiyo ilifanywa na waumini wenyewe kwa majembe, akina mama wakiwa wengi kuliko akina baba, na haikuhitaji fundi yeyote kutoka mbali.

Kisha tukabandua saruji ya ukuta wa kusini tu, tukauacha uchi msimu mzima wa kiangazi. Hapo ndipo palikuwa pagumu. Watu walilalamika kwamba kanisa linatia aibu, harusi zinapigwa picha mbele ya mawe matupu. Padre alisimama nami, namshukuru. Ukuta ulihitaji kukauka, na ukuta mnene wa mawe hukauka kwa miezi.

Ukiwa uchi ukasema yake. Karibu na altare tulikuta tao dogo lililozibwa, pana kiasi cha mtu mmoja kupita. Mawe ya kuzibia yalikuwa yametupiwa ovyo na tope tupu, na palikuwa ndipo palipolowa kuliko mahali pengine popote. Bibi mmoja aliyekuja kumwagilia maua alisimama akatazama.

"Hapo ndipo alipokuwa akitokea padre," akasema. "Sakristia ilikuwa upande huu, mama yangu akiisimulia. Ilianguka, wakaziba."

Tukachimba kidogo nje na kweli tukakuta mstari wa msingi. Kwa hiyo pale ambapo ukuta ulionekana dhaifu kwa uzee palikuwa mlango, na aliyeuziba alikuwa na haraka. Tulitoa mawe yale, tukayalaza upya kwa udongo uliokandwa vizuri, tukaacha tao lionekane kwa ndani, limeingia kidogo ukutani. Watoto wa katekisimu sasa wanajua kwamba kanisa lao lilikuwa na sakristia kusini, na wengine wameshaanza kuuliza mengine.

Nilitazama pia mawe yalivyolazwa, kama nilivyofundishwa. Pembeni mwa mlango wa magharibi kuna mkono hodari sana: mawe ya kona ni makubwa, yamechongwa kidogo tu panapohitajika, yanapishana kushoto na kulia kama inavyotakiwa. Sehemu za katikati ni za watu wengi, hata watoto, mawe ya kila namna. Babu alikuwa akiniambia kwamba fundi alijenga kona na milango, kijiji kikajaza katikati. Nilidhani ni hadithi ya mzee kujipa sehemu katika jambo kubwa. Ukuta umemthibitishia.

Lipu mpya tulipiga ya chokaa. Wengine walikuwa na wasiwasi kwamba chokaa ni ya pwani na kwetu haitafaa, ila ukuta ulikuwa na mabaki ya chokaa ya zamani chini ya madirisha, na hayo yaliwajibu. Tulinunua chokaa, tukachimba shimo, tukailaza chini ya maji kama nilivyofundishwa, tukachuja mchanga wa mto usio na udongo wala chumvi. Vijana wawili wa kijiji walijifunza. Mmoja ana pupa, mwingine ana mkono. Huyo mwenye mkono nilimwachia upande mzima wa mashariki.

Kuhusu udogo wa kanisa, nilisema nilivyoamini na halmashauri ikanisikiliza. Parokia ikikua ijenge kanisa jipya kubwa, na ijenge kwa saruji na nondo kama inavyofaa majengo ya sasa, pembeni, kwenye uwanja uleule. La zamani libaki kwa misa za katikati ya juma, kwa ubatizo, kwa sala za marehemu. Rabai, karibu na Mombasa, walikohamia wamisionari Ludwig Krapf na Johannes Rebmann mwaka 1846, jengo la zamani la misheni leo ni makumbusho, na waumini wanaendelea kusali katika kanisa la Mtakatifu Paulo hapohapo jirani. Kijiji chetu si Rabai, lakini uwanja tunao.

Ukuta wa kaskazini bado una saruji yake. Nimeupima kwa nyundo na unalia vilevile kama ulivyolia wa kusini, ila kenchi mbili za upande huo zimeingiwa na mchwa na lazima zitangulie, kwa sababu sitaki kubandua lipu chini ya paa linalosukuma. Michango inasubiri mauzo ya korosho. Mbao tumeshapata, zimekauka, zimelazwa ndani ya kanisa nyuma ya birika la ubatizo, na yule kijana mwenye mkono ameniuliza kama kona ya kaskazini tutamwachia yeye. Nimemwambia aanze kuchuja mchanga.